Macho Mawili ya Waganga: Habari za Picha za Ziwa Katika Mji wa Dar es Salaam

Katika kitabu hiki cha Jubilei wenzangu wameandika habari za makanisa na shule na watu waliotutangulia. Mimi nimepewa sehemu ya matibabu, nami katika mambo mengi nimechagua moja tu: jinsi waganga walivyojifunza kutazama ndani ya ziwa la mwanamke pasipo kisu, na kwa nini wameona ya kuwa chombo kimoja hakitoshi, hata ikawa desturi yao kuweka picha mbili au tatu pamoja ili saratani itambulike mapema. Mtu aweza kuuliza, jambo hili lina nini na historia ya mji wa Dar es Salaam na mitaa yetu ya Kariakoo? Lina mengi, kama mtakavyoona. Sababu yangu mwenyewe ya kulichagua nitaieleza mahali pake.

Tuanze na chanzo. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, nchi ya Ujerumani, profesa mmoja jina lake Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa katika chumba chenye giza, akijaribu nguvu za umeme ndani ya bomba la kioo. Bomba lilikuwa limefunikwa kwa karatasi nyeusi, wala nuru haikuweza kutoka. Hata hivyo akaona kibao kilichopakwa dawa kinametameta upande wa pili wa chumba. Ikamdhihirikia ya kwamba imo mionzi isiyoonekana kwa macho, inayopenya karatasi na mbao na nyama ya mwili. Kwa kuwa hakujua asili yake aliiita X, kama wanafunzi wa hesabu waitavyo kitu wasichokijua. Tarehe 22 Desemba mwaka ule ule alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ikaonekana, na pete ikining'inia juu ya mfupa wa kidole. Mwaka 1901, tuzo ya Nobel ilipotolewa kwa mara ya kwanza, ile ya elimu ya fizikia alipewa yeye.

Miaka ile Wadachi walikuwa wakijenga mji wetu. Makao ya serikali yao yalikuwa yamehama kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka 1897 wakafungua hospitali kubwa nyeupe kando ya bahari, ile ambayo watu waliizoea baadaye kwa jina la Ocean Road. Katika mwaka 1897 na 1898 mganga mashuhuri Robert Koch, aliyekuwa amevumbua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alikaa mjini akichunguza homa za nchi hii. Hospitali ile ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliingia kama mtumishi, hakuingia kama mgonjwa. Wenyeji na Wahindi walikuwa na hospitali yao nyingine, iliyojengwa kwa fedha ya Sewa Haji Paroo, tajiri Mhindi wa biashara ya misafara, ambaye alifariki mwaka 1897. Waingereza walipoingia mjini tarehe 4 Septemba 1916 waliukuta mgawanyo huo, wala hawakuuondoa. Waliuweka katika ramani: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na sisi Kariakoo, na kati yetu na wao uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, uachwe bila nyumba ili watu wasichanganyike. Hata jina la mitaa yetu ni la vita vyao. Latokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, ambao kambi yao ilikuwa pale. Na wapagazi wale waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi.

Katika miaka ya 1950 hospitali mpya ilijengwa kule Muhimbili, ikapewa jina la Princess Margaret, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyezuru Tanganyika mwaka 1956. Baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili, nalo jina la Sewa Haji likabaki juu ya jengo moja la wodi, hata watu wa mjini wakazoea kusema, 'Fulani amelazwa Sewahaji,' pasipo kumjua Sewa Haji mwenyewe alikuwa nani. Nimekumbusha haya yote kwa sababu vyombo vya kutazama mwili navyo viliingia katika mji uliogawanyika namna hiyo: mashine nyumba hii, mwenye kuisoma nyumba ile, na mgonjwa katikati na bahasha yake mkononi.

Kabla sijaendelea, niseme neno juu ya wale wanaonena sokoni ya kwamba saratani ya ziwa ni ugonjwa wa Wazungu, au kwamba umeletwa juzi na vyakula vya kopo. Katika nchi jirani ya Uganda, hospitali ya misheni ya Mengo ilianzishwa na mganga Albert Cook mwaka 1897, nayo ilipata mashine ya eksirei mwaka 1907. Cook na wenzake walikuwa na desturi njema ya kuandika kila mgonjwa katika daftari, na daftari zile zikahifadhiwa. Mwaka 1964 profesa J. N. P. Davies pamoja na wenzake, na miongoni mwao L. A. R. Mtimavalye, walitoa katika jarida la waganga wa Uingereza hesabu ya saratani zote zilizoandikwa Mengo tangu mwaka 1897 hata mwaka 1956. Saratani ya ziwa imo ndani yake. Bibi zetu waliugua maradhi haya. Walikosa tu mtu wa kuyapa jina.

Sasa turudi kwenye picha. Eksirei huonyesha mfupa vizuri, kwa kuwa mfupa ni mgumu na nyama ni laini. Lakini ziwa halina mfupa. Nani angetazamia kuona kitu humo? Mwaka 1913 mpasuaji wa Berlin, Albert Salomon, alipiga picha matiti yapata 3,000 yaliyokwisha kukatwa kwa upasuaji, kisha akalinganisha kila picha na nyama yenyewe iliyokuwa mezani. Akaona ya kuwa saratani ina sura yake katika picha. Mwaka 1930 Stafford Warren, katika mji wa Rochester, Marekani, alitangaza habari za picha alizowapiga wanawake walio hai. Karibu na mwaka 1950 Raul Leborgne wa Uruguay alifundisha kulibana ziwa wakati wa kupigwa picha ili litandazike, na kutafuta vipunje vya chokaa vidogo kama unga wa chumvi, ambavyo mara nyingi ni dalili ya kwanza ya ugonjwa. Mwaka 1960 Robert Egan wa Houston alitoa habari za wagonjwa wake 1,000. Na katika miaka hiyo ya 1960 Charles Gros wa Strasbourg, Ufaransa, akatengeneza mashine iliyokuwa ya kazi hiyo moja tu. Picha hii ndiyo iitwayo mamografia. Mwanamke husimama, ziwa huwekwa juu ya kibao, na kibao cha pili hushuka na kulikandamiza. Huuma kidogo. Akina mama waliopigwa wataniambia ya kwamba mwanamume hafai kusema 'kidogo', nami nakubali.

Mamografia imeokoa watu wengi, lakini ina upungufu mmoja mkubwa. Ziwa lina mafuta na lina nyama. Katika picha, mafuta huonekana meusi, nyama huonekana nyeupe, na saratani nayo huonekana nyeupe. Kwa mwanamke mwenye umri mkubwa ambaye nyama ya ziwa imepungua na mafuta kuzidi, doa la saratani huonekana kama nyota usiku. Kwa mwanamke ambaye bado ni kijana, au ambaye Mungu amemwumba na ziwa zito, picha yote ni nyeupe; na kuitafuta saratani humo ni kama kutafuta punje ya chumvi katika unga wa muhogo. Hapo mashine haikosi kazi yake wala msomaji wa picha si mjinga. Kitu chenyewe kimefichwa na kitu cha rangi yake.

Nimefika sasa mahali pa sababu yangu. Mwaka 2008 mama yangu mdogo, aliyekuwa akiuza dagaa na samaki wakavu shimoni, yaani katika orofa ya chini ya soko la Kariakoo, aliona kinundu katika ziwa la kushoto. Alikuwa na miaka 44. Alikaa nacho miezi mitatu bila kumwambia mtu, kwa kuwa Desemba ilikuwa inakaribia na biashara ya Desemba haimngoji mtu. Mwishowe akaenda hospitali moja ya mjini, akapigwa mamografia, akapewa bahasha yenye filamu na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Jumapili baada ya ibada akaniletea, kwani mimi ndiye niliyehesabiwa msomi katika ukoo, kijana niliyetoka chuoni na vyeti vyangu.

Akaniuliza, 'Mwanangu, karatasi yasemaje?'

Nikasoma. Mstari wa kwanza ulisema ya kuwa hakuna dalili ya saratani iliyoonekana. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, uliosema ya kuwa nyama ya ziwa ni nzito sana, na kwamba yafaa apimwe pia kwa altrasaundi. Mstari ule niliusoma kwa macho, maana yake sikuifahamu, nikaupita. Nikamwambia, 'Mama, wasema hakuna kitu. Tumshukuru Mungu.' Akaifunga bahasha katika khanga yake, akafurahi, na Jumatatu alfajiri alikuwa shimoni kwa samaki wake.

Ilipita miezi 11. Kinundu kilipokuwa kama yai la kuku alikwenda hospitali ya pili, nami nikamsindikiza. Mganga alimpaka mafuta ya maji maji, akapitisha kichwa cha mashine juu ya ngozi, na kwa muda usiozidi kunywa kikombe cha chai akageuza kioo tukaona wote: doa jeusi, kingo zake zimechongoka kama miiba. Akachomwa sindano, kinyama kikatolewa na kupimwa, ikawa ni saratani, tena ilikwisha kufika kwapani. Alitibiwa Ocean Road, katika nyumba ile ile ambayo zamani babu yake asingelazwa. Tulimzika Novemba 2011. Filamu ya mwaka 2008 ninayo mimi.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma habari hizi, na niliyoyapata nawaandikia ninyi, hasa walimu, kwa kuwa ninyi ndio mtakaoletewa karatasi.

Altrasaundi ilitoka katika njia nyingine kabisa. Haina mionzi. Ni sauti, tena sauti nyembamba isiyosikika kwa sikio la mwanadamu, yenye mitikisiko mamilioni katika sekunde moja. Katika vita vya kwanza vya dunia Mfaransa Paul Langevin alitumia sauti za namna hiyo kutafuta meli zipitazo chini ya maji: chombo hutoa sauti, sauti hugonga kitu, mwangwi hurudi, na kwa kupima mwangwi hujulikana kitu kiko wapi. Baada ya vita vya pili mganga John Wild, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Minnesota, Marekani, alishirikiana na fundi John Reid, wakaigeuza elimu hiyo iwe ya kutazama mwili. Na katika miaka ya 1951 na 1952 walikuwa wamekwisha kutengeneza kichwa cha mkononi cha kupimia ziwa. Watu wengi wa kwetu huijua altrasaundi kwa habari za waja wazito, ambazo Ian Donald wa Glasgow alizieneza tangu mwaka 1958. Wachache hujua ya kuwa ziwa lilitangulia.

Fadhili yake ni hii: katika picha ya altrasaundi nyama ya ziwa huwa nyeupe, lakini saratani kwa kawaida huwa nyeusi. Kwa hiyo lile ziwa zito ambalo katika mamografia lilikuwa ukungu mtupu, katika altrasaundi huwa kama ukuta mweupe wenye doa. Tena hupambanua uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama, jambo ambalo mamografia haiwezi. Nayo ina upofu wake: vile vipunje vya chokaa, ambavyo mamografia huviona vizuri, mara nyingi altrasaundi huvipita. Basi kila mmoja wa mashahidi hawa ameona kile ambacho mwenzake hakukiona, na ndiyo sababu waganga huwaita wote wawili, kisha wakamwita wa tatu, yaani sindano ya kutoa kinyama kipimwe kwa hadubini.

Nimepata kuwaeleza akina mama jambo hili kwa mfano wa tikiti, nao hufahamu upesi kuliko wanaume. Ukienda Kariakoo kununua tikiti maji, kwanza walitazama: rangi yake, kikonyo chake, doa la upande uliolalia ardhi. Kisha walipiga kwa kidole na kusikiliza mlio. Na ukiwa bado una shaka, mwuzaji hutia kisu na kutoa kipande kidogo cha pembe tatu akuonyeshe wekundu. Mamografia ni kutazama, altrasaundi ni kusikiliza mlio, sindano ni kile kipande. Hakuna mama wa Kariakoo anunuaye tikiti la karamu kwa kutazama peke yake. Mama yangu mdogo asingenunua, wala mimi nilipomwambia habari za karatasi yake sikuwaza hivyo.

Huenda mtu akasema, hayo ni maneno ya mtu mmoja aliyefiwa. La, yamepimwa kwa hesabu. Mwaka 2008, mwaka ule ule wa karatasi yetu, Wendie Berg na wenzake huko Marekani walitoa habari za wanawake zaidi ya 2,600 wenye maziwa mazito na hatari kubwa kuliko wengine. Mamografia peke yake iliona saratani 7.6 katika kila wanawake 1,000; ilipoongezewa altrasaundi zikaonekana 11.8. Katika nchi ya Japani, kwa uongozi wa Noriaki Ohuchi, wanawake 72,998 wa miaka 40 hata 49 waligawanywa mafungu mawili kwa kura, fungu moja wakipigwa mamografia tu, na la pili mamografia pamoja na altrasaundi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilionyesha saratani 117 katika fungu la kwanza na 184 katika la pili. Umri ule, wasomaji, ndio umri wa mama yangu mdogo, na ndio umri wa wanawake wengi wa nchi hizi, ambao saratani ya ziwa huwashika wakiwa vijana kuliko wanawake wa Ulaya.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Shahidi wa pili naye huweza kusema uongo. Katika kazi ile ya Marekani, kati ya wanawake 100 waliotakiwa kuchomwa sindano kwa neno la altrasaundi, hawakufika 10 waliokuwa na saratani kweli. Waliosalia walipata hofu, na gharama, na jeraha dogo la bure. Ndiyo maana waganga wenye busara hawasemi kila mwanamke mzima apigwe kila picha iliyopo. Husema kwamba mwenye kinundu, au mwenye picha isiyoeleweka, asiachwe na picha moja.

Vyombo vingine nitavipita upesi. Mashine ya CT, iliyoanza kumtazama mgonjwa mwaka 1971 kwa kazi ya Godfrey Hounsfield, ilitanguliwa na hesabu za Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kuziwaza akiwa Cape Town mwaka 1956. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979, nami hupenda kuwakumbusha wanafunzi ya kuwa elimu hiyo ilianzia katika bara letu. Mashine ya sumaku iitwayo MRI iliwapatia Paul Lauterbur na Peter Mansfield tuzo hiyo mwaka 2003. Katika Uholanzi hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha ya kuwa wanawake wenye maziwa mazito sana walioitwa kuongezewa MRI baada ya mamografia walipatwa na saratani za kujitokeza kati ya kipimo na kipimo 2.5 katika kila 1,000, na wasioitwa walipatwa na 5. Tena wako waliounganisha vyombo viwili katika mwili mmoja wa mashine: David Townsend na Ronald Nutt waliunganisha PET na CT, mmoja wao ukionyesha mahali, na wa pili ukionyesha nyama inayokula sukari kwa pupa kama ilivyo desturi ya saratani. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilipata mashine hiyo mwaka 2018. Kazi yake kubwa ni kuonyesha ugonjwa umeenea hadi wapi. Kwa kuutambua ule wa kwanza katika ziwa, mamografia na altrasaundi na sindano zingali mbele.

Turudi mjini kwetu. Ocean Road ilifanywa mahali pa kutibia saratani chini ya Muhimbili katika miaka ya 1980, na mwaka 1996 sheria ya Bunge ikaifanya taasisi inayojitegemea. Mwaka 2005 chama cha waganga wanawake wa Tanzania, MEWATA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilianza katika Dar es Salaam kazi ya kuwapima akina mama matiti kwa mkono, kisha kikaenda mikoani. Watu waliwaona akina mama wamepanga foleni tangu asubuhi, jambo lililowanyamazisha wale waliosema ya kuwa wanawake wetu huona haya kupimwa. Hata hivyo taarifa iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania waliokutwa na saratani ya ziwa, wapata 80 walifika ikiwa katika daraja la tatu au la nne, yaani imekwisha kukua na kuenea.

Kwa nini? Haya kuona ipo, na waganga wa kienyeji wapo, na umaskini upo. Lakini nimekaa katika mitaa hii miaka mingi, nami kwa maoni yangu liko jambo ambalo halisemwi sana, nalo ni njia. Tazameni mwanamke wa Mtaa wa Kongo mwenye kinundu. Asubuhi anafunga meza yake na kupoteza mauzo ya siku. Anapimwa kwa mkono mahali pamoja. Anaambiwa akatafute picha mahali pengine. Majibu arudishe kwa wa kwanza. Wa kwanza ataka altrasaundi, nayo ni siku nyingine na fedha nyingine. Sindano ni mahali pa nne, na kinyama kinapelekwa kupimwa mahali pa tano. Muhimbili toka Kariakoo ni mwendo wa miguu usiofika nusu saa. Si umbali unaomshinda. Zinamshinda zile siku tano za meza kufungwa, na kila mlango kusoma karatasi moja bila kuiona ya mwenzake. Mgawanyo wa rangi tuliuondoa. Mgawanyo wa milango ulisalia nyuma yake.

Shirika la Afya Duniani lililiona jambo hili. Katika mpango wake wa saratani ya ziwa ulioanzishwa mwaka 2021 liliweka ya kuwa tangu siku mwanamke anapofika kwa mganga na dalili, hata siku jina la ugonjwa litakapojulikana, zisizidi siku 60. Na ndani ya siku hizo awe amepimwa kwa mkono, amepigwa picha, na ametolewa kinyama. Nimehesabu siku za mama yangu mdogo. Tangu Jumapili ile ya bahasha hata kuchomwa sindano zilikuwa zaidi ya 330.

Tena si lazima kungoja mashine kubwa. Huko Butaro, Rwanda, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012, waganga wa kawaida na wauguzi walifundishwa kulitazama ziwa kwa altrasaundi, nao wakaiweza kazi. Zahanati nyingi, na za misheni miongoni mwao, zina altrasaundi kwa ajili ya waja wazito. Mashine ya namna ile, ikiongezewa kichwa bapa cha kutazamia vitu vilivyo karibu na ngozi, na mtu aliyefundishwa, yaweza kutazama ziwa. Wako watakaonipinga na kusema kwamba fedha ikipatikana kwanza inunuliwe mamografia. Mimi nasema kwa mji wenye wanawake vijana kama wetu, kichwa kile na sindano, na mtu mmoja wa kuzikusanya karatasi zote mezani pake, vitangulie.

Mwaka juzi binti wa marehemu mama yangu mdogo, ambaye sasa ndiye mwenye biashara, naye aliona kinundu. Ana miaka 38. Alinipigia simu usiku, akasema, 'Kaka, limekuja.' Nikamwambia asilale na neno hilo mpaka Jumapili. Alfajiri tulikwenda pamoja, mimi nikiwa na bahasha ya mwaka 2008 mkononi, nikampa mganga aisome kwanza. Siku ile ile akapigwa mamografia. Katika picha palikuwa na ukungu kama wa mamaye. Kabla ya saa saba mchana akafanyiwa altrasaundi katika chumba cha pili, na waganga wawili wakasimama mbele ya picha zote mbili, mmoja akiinyoshea kidole hii, mwingine ile. Doa lilikuwapo, laini, la mviringo, kingo zake hazina miiba. Walisema linaonekana la amani, lakini kwa ajili ya habari za mamaye watatoa kinyama, nao wakakitoa. Majibu yalipatikana siku ya 12. Haikuwa saratani. Jumamosi alifungua meza.